Watu wa Shamba Nao Ni Abiria

Kwa muda mrefu, katika nchi nyingi zenye reli, desturi imekuwa ni moja. Gari jipya hupewa mji mkuu, na likisha kuchakaa hupelekwa shamba. Mkaaji wa mjini huketi juu ya kiti kipya, naye mkulima, mvuvi na mwalimu wa kijijini hupanda lile lililokwisha kukataliwa mjini. Desturi hiyo imezoeleka mno hata wengine huidhani ni amri ya Mungu. Sisi twasema si amri ya Mungu, wala si sheria ya uhandisi. Ni uamuzi wa wanadamu, na wanadamu waweza kuubadili.

Ushahidi upo. Mwaka 1963 Dk. Richard Beeching, mkuu wa reli za Uingereza, alitoa taarifa iliyotaka stesheni zaidi ya 2,300 zifungwe na kiasi cha maili 5,000 za reli ziachwe. Hoja yake ilikuwa fupi: matawi hayaleti faida. Reli nyingi ziling'olewa, na vijiji vingi vikakatwa na nchi yao. Reli ya Ipswich hadi Lowestoft, katika sehemu za mashariki ziitwazo East Anglia, ilikuwamo katika orodha ile ya kifo. Wenyeji walikataa. Walipinga na kutoa hoja zao mpaka mwaka 1966 reli ile ikasalimika. Mwaka 2019 juu ya reli hiyo hiyo iliyohukumiwa kufa zilianza kupita treni mpya kabisa. Lau wale watu wangalinyamaza, leo pasingalikuwa na reli ya kupitisha treni hizo. Yafaa tulikumbuke jambo hili kabla ya kuyataja mengine.

Treni zenyewe ni 38, zimeundwa na kiwanda cha Stadler cha Uswisi. Zilianza kazi katika njia za matawi zitokazo Norwich na Ipswich kwenda Great Yarmouth, Lowestoft, Sheringham na Felixstowe, pamoja na kijia kifupi cha kwenda Sudbury. Hizo ni treni za nguvu mbili. Palipo na waya juu ya reli, treni huinua mkono ulio juu ya paa lake, ikapokea umeme wa volti 25,000 na kwenda bila moshi. Waya unapokwisha, mkono hushushwa, injini za dizeli zikashika kazi, naye abiria hana haja ya kushuka wala kubadili gari. Injini hazikuwekwa chini ya miguu ya watu kama katika magari ya zamani. Zimekusanywa ndani ya behewa fupi la katikati lenye ujia wa kupitia. Treni ya mabehewa matatu ya abiria ina injini mbili, na ya manne ina injini nne.

Kwa kuwa injini zimehamishwa, sakafu imeweza kushuka ikakaribia usawa wa jukwaa la stesheni, na kidaraja kidogo hutoka mlangoni kuziba nafasi iliyobaki. Msomaji asilipuuze jambo hili. Mtu wa kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto na mzee mwenye mkongojo waweza kuingia bila kubebwa kama gunia. Heshima ya namna hiyo haikuanzia mjini safari hii. Ilipelekwa shamba moja kwa moja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: walioamua hivyo walitenda vyema.

Lakini wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Miezi ya kwanza ilikuwa ya taabu. Majira ya majani kupukutika ya mwaka 2019 safari nyingi zilivunjwa, na watu wa vijijini wakaachwa majukwaani katika baridi. Baya zaidi lilitukia tarehe 24 Novemba 2019, katika makutano ya reli na barabara karibu na Norwich. Vizuizi vya barabarani vilijiinua hali treni yaja, na magari yakavuka mbele yake. Dereva alifunga breki kwa nguvu, lakini treni ilifika pale muda wa kupepesa jicho tu baada ya gari la mwisho kupita. Ilikuwa ni rehema kwamba hakuna aliyeumia. Wapelelezi wa ajali za reli walieleza kuwa uchafu kati ya magurudumu na reli ulizuia mitambo ya vizuizi isiitambue treni.

Twajifunza nini hapo? Twajifunza kwamba treni si chombo kinachojitegemea. Gurudumu, reli, ishara na kizuizi ni viungo vya mwili mmoja. Ukinunua kichwa kipya ukakipachika juu ya mwili uliosahauliwa miaka mingi, usishangae mwili ukitetemeka. Kwa hiyo atakayepeleka treni mpya katika tawi la shamba hana budi kupeleka pia fedha za kusafisha reli, kutengeneza ishara na kupima makutano yote, tena afanye hivyo kabla abiria wa kwanza hajapanda.

Kadhalika yawapasa wafanyakazi kulitazama jambo hili kwa macho mawili. Mashine mpya huja na swali la zamani: nani atapoteza kazi? Katika East Anglia wafanyakazi waligoma mwaka 2017 na 2018 kwa sababu ya kazi ya magadi, wakihofia kwamba dereva ataachwa peke yake na treni nzima. Mapatano ya mwaka 2018 yaliihifadhi nafasi ya gadi. Sisi twaona ilikuwa ni haki. Katika stesheni ya kijijini isiyo na karani wala mlinzi, gadi ndiye serikali yote ya reli. Ndiye anayemsaidia mgonjwa, ndiye anayekata tikiti, na ndiye anayewaongoza watu gari likikwama gizani. Mashine isiyomtupa mfanyakazi, bali inayomfundisha ufundi mpya, hiyo ndiyo maendeleo.

Sasa twafika penye hatari kubwa kupita zote. Treni ya nguvu mbili ni daraja, na daraja hujengwa ili watu wavuke, si ili wajenge nyumba juu yake. Mwezi wa Julai 2017 serikali ya Uingereza ilifuta mipango ya kutandaza waya za umeme katika njia kadhaa, ikiwamo ile ya Cardiff hadi Swansea, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba treni za nguvu mbili zitatosha. Hapo dawa iligeuzwa kuwa kisingizio. Treni inayopita chini ya waya huku imebeba injini za dizeli zisizofanya kazi hubeba mzigo wa bure. Nayo inapokwenda kwa dizeli hutoa moshi na hunywa mafuta kama zile zilizotangulia. Mtu wa shamba akiambiwa, "Umekwisha kupata treni mpya, usiombe waya," amepewa zawadi kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mkono wa pili.

Wala si kweli kwamba hakuna njia ya kwenda mbele. Katika Japani, tawi la Karasuyama lenye urefu wa kilometa 20 hivi lilipata treni za betri mwaka 2014. Hujaza betri zikiwa chini ya waya wa reli kuu, kisha hupita katika tawi zima bila waya na bila dizeli, na hujazwa tena mwisho wa njia. Katika Ujerumani, jimbo la Schleswig-Holstein lilianza kutumia treni za betri mwaka 2023. Katika Wales treni za ukoo ule ule wa East Anglia zilianza kazi mwaka 2024 zikiwa na waya, betri na dizeli pamoja. Basi dizeli iwe ni mgeni wa muda, na tangu siku ya kununua treni ijulikane itaondoka kwa njia gani.

Na kwetu Tanzania je? Tangu mwaka 2024 treni za umeme zachukua watu kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma juu ya reli ya upana wa milimeta 1,435. Hiyo ni fahari yetu. Lakini reli ya zamani yenye upana wa mita moja, ambayo matawi yake yafika Mpanda, Moshi na Arusha, bado ni ya dizeli. Asitokee mtu akatuambia kwamba treni za nguvu mbili zitaziunganisha kesho, kwa maana gurudumu la reli pana haliwezi kupita juu ya reli nyembamba, hata likiwa na nguvu kumi. Kinachowezekana sasa ni kazi ya akili zaidi kuliko ya fedha: nyakati za treni za matawi zilinganishwe na zile za reli kuu, tikiti iwe moja, na mzee atokaye Mpanda asilazwe stesheni akingoja. Na siku matawi mapya ya upana ule wa kisasa yatakapojengwa, hapo swali la nguvu mbili au betri liulizwe mapema, si baada ya mikataba kutiwa sahihi. Tukumbuke pia kwamba abiria wa kwenda Moshi walikaa kiasi cha miaka 25 bila treni mpaka ile ya mwaka 2019. Tawi likiachwa, hurudi kwa tabu sana.

Tarehe 12 Oktoba 2025 kampuni iliyoendesha treni hizo za East Anglia iliingia katika mikono ya umma. Mali ikisha kuwa ya umma, hesabu yake nayo ibadilike. Lile swali la mwaka 1963, tawi hili laleta faida gani, halitoshi tena. Yafaa liulizwe jingine pamoja nalo: tawi hili likikosekana, ni watu wangapi watakaotengwa na hospitali, shule na soko? Watakaolijibu swali hilo kwa uaminifu hawatakuwa wepesi wa kupeleka magari machakavu shamba.