Bango la Soo Mbili Kitengela: Kumbe Hata Si Lako?

Kama umewahi kushuka matatu ya 110 pale stage ya Kitengela, unajua hii tao inaongea kwa mabango. Ploti 50 kwa 100, hati iko tayari, maji na stima viko karibu. Kesha ya Ijumaa. Kinyozi mpya. Mchango wa hospitali, na picha ya mgonjwa imekatwa kutoka kwa picha ya harusi. Mengi hata hayafiki ukutani, yanaishia kwa status za WhatsApp. Sasa jiulize, hizi vitu zinachorwa na nani? Si kampuni ya matangazo ya Westlands. Ni wewe, ama ni yule msee wa ploti yenu mwenye laptop ya mkono wa pili na Canva ya bure. Malipo ni soo mbili, punch ukibahatika, na mara nyingi ni "Mungu akubariki, kijana wangu."

Mimi nasomea dizaini, na juzi nilikuwa napanga kazi zangu za kwanza za kompyuta nione zipi zinaweza kuingia kwa portfolio. Ya kwanza kabisa ni bango la ploti upande wa Isinya. Anga ya buluu, jumba la kioo ambalo lazima liko Marekani, twiga amesimama nyuma yake, fonti nne tofauti. Unaweza cheka, lakini simu ya ajenti ililia. Na mpaka leo hilo bango linazunguka kwa magrupu. Namba ya simu imebadilishwa, jina la mahali limebadilishwa, twiga bado yuko.

Hapo ndio swali linaanza kuuma. Hiyo kazi ni ya nani?

Ukiuliza YouTube, utaambiwa ni yako mpaka usaini karatasi ya kuiuza. Manze, huyo anayekufunza yuko Marekani, na huko mara nyingi ndivyo ilivyo kwa mtu anayejiajiri. Hapa Kenya ni story tofauti. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye hata si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwake, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Soma tena hapo mwisho: isipokuwa kama mmekubaliana. Ukinyamaza, umempa. Na si ya mwaka mmoja, juu hakimiliki ya kazi ya sanaa inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya wewe kuzikwa.

Kitu kimoja kinabaki kwako. Kifungu cha 32 kinakupa haki ya kutambuliwa kama mwenye kuichora, na ya kukataa kazi ikiharibiwa vibaya mpaka jina lako liaibike. Kwa hivyo ajenti anaweza miliki bango, lakini hawezi dai ni binamu yake alilichora. Si haba, ingawa haki ya jina hailipi rent.

Na kama ni logo umeunda kwa Canva, chunga zaidi. Zile picha na michoro za ndani ya app unapewa ruhusa ya kuzitumia tu, hazikuwi zako. Masharti yao hayaruhusu uzifanye chapa ya biashara. Mteja wako akienda KIPI kuandikisha hiyo logo, ameandikisha jani ambalo kinyozi wa Namanga pia ako nalo.

Wasee hupenda kusema "ni kazi ya wanafunzi tu, haina maana." Basi wacha nikukumbushe Carolyn Davidson. Mwaka 1971 alikuwa mwanafunzi Portland, Marekani, akichaji dola 2 kwa saa. Akachorea kampuni changa alama fulani, akalipwa dola 35. Kwa rate ya sasa hiyo ni kama thao nne na nusu. Hiyo alama ni ya Nike. Mwaka 1983 kampuni ilimwita tena, ikampa pete na hisa zake, lakini angalia vizuri: walimpa kwa hiari yao. Hakuna mahali alikuwa ameandika kwamba atapewa.

Kuna kituko kingine kwa hii sheria. Kumbuka June 2024, Finance Bill ikiwaka. Mabango ya maandamano yaliruka simu hadi simu, Kitengela nayo ikatoka barabarani, na mabango mengi hayakuwa na jina la aliyeyachora, kwa sababu unazozijua. Rais alikataa kuutia saini ule mswada tarehe 26. Sasa, bango ambalo uliamka usiku ukachora mwenyewe, bila mtu kukuagiza, hilo kisheria ni lako. Lile la kesha uliloagizwa na pasta ndilo umempa.

Ukiwa Kajiado huwezi ongea mambo ya kunyakuliwa dizaini ukaruka Wamaasai. Louis Vuitton walipandisha checki za shuka jukwaani kwa nguo zao za wanaume za 2012, na jamii ikaanza kuuliza pesa iko wapi. Kampuni ndogo ya Uingereza, Koy Clothing, ikakubali kulipa. Kenya ikapitisha sheria ya maarifa na tamaduni za asili mwaka 2016, na kaunti zikapewa kazi ya kukusanya na kuandikisha vitu hizo. Lakini tusijifanye watakatifu. Ni logo ngapi hapa mtaani zina mstari wa shanga umetolewa Google, umebandikwa chini kama urembo? Mama wa Bissil anayeshona hizo shanga anajua rangi gani inasema nini. Sisi tunachagua ile inapendeza na fonti. Ukitaka kulia umeibiwa bango, hilo nalo litakukuta.

Halafu ikakuja AI. Tangu March 2025, ChatGPT ilipoanza kutoa picha za katuni za Kijapani na kila mtu akageuza familia yake, ajenti wa ploti hakuhitaji tena kukutafuta. Anaandika mistari miwili, bango hilo hapo. Siku hizi anakuja kwako na picha tayari, anataka urekebishe "hatimliki" iliyoandikwa "hatimiliiki", kwa soo moja.

Mimi sioni hii ikiua dizaini. Naona ikiua ile soo mbili, na soo mbili ndiyo ilikuwa shule. Kijana aliyemaliza form four mwaka huu atajifunzia wapi kubishana na mteja, kuuliza namba ya simu mara mbili, kugundua kwamba hiyo "lami mita 200" ni kilomita tatu? Kazi za kwanza zikipungua, zile chache unapata ndizo portfolio yako nzima, na portfolio usiyo na ruhusa ya kuonyesha haikusaidii.

Kwa hivyo kabla hujafungua laptop, tuma text: "Kazi ni 500. Utatumia bango kwa hii ploti pekee. Hakimiliki na faili vinabaki kwangu, na naweza kuionyesha kama kazi yangu." Ngoja ajibu "sawa". Chukua skrinshoti. Akinyamaza, mpigie simu, lakini usianze kuchora kabla hiyo "sawa" iingie kwa maandishi.