Tusingoje Maumivu

Wengi wetu husema kwamba kisichouma si ugonjwa. Maneno haya si kweli. Doa jeupe la ulimini huweza kukaa bila kuuma, kisha likageuka kuwa saratani. Si kila doa hugeuka, lakini kwa macho tu hatuwezi kujua ni lipi.

Basi tujitazame kwa kioo, mahali penye mwanga: juu ya ulimi, chini na pembeni. Doa lisilofutika, likipita wiki mbili, tusilikwangue. Twende hospitali. Huko daktari hukata kipande kidogo kikapimwe.

Sigara, ugoro, tambuu na pombe huongeza hatari. Tuviache. Madoa mengine hutoweka mtu akiacha tumbaku. Hata hivyo, tupimwe. Ufa huzibwa ungali mdogo.