Mizani Katika Nyuzi za Gitaa
Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Katanga, akiimba kwa Kiswahili na gitaa lake moja. Ughaibuni wapenzi wa gitaa wangali wakijifunza vidole vyake. Wengi maneno hawayajui.

Hapa Tingi nako vijana hucharaza magitaa ya kujiundia, nyuzi zikiwa nyaya za breki ya baiskeli. Malenga wenzangu, twawalaumu kwamba tungo zao hazina mizani. Nani kati yetu ameketi nao? Nami miaka yote nilifundisha mizani kwa chaki tu. Juzi nilimghania mmoja wao ubeti wa utenzi, nikapunguza silabi moja makusudi. Mkono wake ulisita papo hapo. Sikio analo, akosacho ni beti. Tumpelekee.