Robota la Kilindini, Mkoba wa Kitisuru

Mwonyeshe tajiri wa Kitisuru, kule Nairobi, mkoba ulioshonwa kwa suruali kuukuu za jinzi, umtajie bei, usishangae aking'aka: "Si mtumba huu?" Kazi ya kufumua haijui. Jora jipya hukatwa papo hapo. Suruali hufumuliwa mshono kwa mshono, ikafuliwa, ikapigwa pasi, ndipo mkasi upite. Anachouza fundi hasa ni saa zake.

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Kitambaa chake hushuka bandarini kwetu Kilindini kwa marobota, kikapanda hadi Gikomba. Serikali ilipozuia mitumba kuingia, Machi hadi Agosti 2020, kwa hofu ya korona, mlango wake nao ulifungwa. Wasemao ushonaji huu umetukomboa na nguo za ng'ambo, marobota hayo hawayaoni?