Makanisa ya Uskoti yasiuziwe wenye kufuli

Waumini wengi wa PCEA, ambao kanisa lao lilipandwa hapa nchini na wamishonari wa Kiskoti, hustaajabu wasikiapo kwamba huko Uskoti kwenyewe makanisa yanauzwa na kugeuzwa makazi, mikahawa na hata vilabu vya pombe. Sababu ipo. Katika miaka ya 1950 Kanisa la Uskoti lilikuwa na washirika wapatao milioni 1.3, kufikia 2023 hawakutimia 300,000. Watu wameondoka, majengo yamebaki, na paa bovu halijitengenezi.

Wako wanaodai kwamba kulitumia kanisa kwa shughuli nyingine ni kulinajisi. Hao na walitazame kanisa la St Giles, mjini Edinburgh. Kabla ya 1560, mwaka ambao Uskoti iliukana utawala wa Papa, jengo hilo la tangu karne ya 12 lilikuwa na madhabahu zipatazo 50. Zote ziliondolewa. Kuta zikajengwa ndani, na kanisa moja likagawanywa likawa makanisa kadhaa, kila usharika na mhubiri wake. Nafasi zilizosalia hazikuachwa zilale: pakawa na shule, pakawa na jela, na hata Maiden, ile mashine ya kukatia watu vichwa, ikawekwa humo humo! Mnamo 1644 Sir John Gordon wa Haddo alifungwa katika chumba kimojawapo kabla ya kuuawa. Chumba kikabaki na jina la Shimo la Haddo, na baadaye usharika mzima ukasali ndani yake pasipo haya. Huko nje, maduka yaliegemea ukuta wa kanisa hadi yalipobomolewa mwaka wa 1817.

Aliyegharimia kuangushwa kwa kuta za ndani ni mchapishaji William Chambers, kuanzia 1872. Maskini, alifariki siku tatu tu kabla ya kanisa kufunguliwa upya mnamo 1883. Ni katika ukumbi huo alioukomboa ambamo jeneza la Malkia Elizabeth wa Pili liliwekwa Septemba 2022, na maelfu wakapita kumuaga.

Basi matumizi mapya hayanitishi. Linalonitia wasiwasi ni mlango. St Giles, hata ilipokuwa jela, ilikuwa ya mji. Kanisa likishauziwa mtu binafsi, mjukuu wa waliobatizwa humo atalitazama kutoka barabarani kama mpita njia. Kinyume chake, lile kanisa la Tolbooth lililo juu kidogo katika barabara iyo hiyo lilifunguliwa upya mwaka wa 1999 kuwa makao ya Tamasha la Kimataifa la Edinburgh, na umma waingia.

Uskoti ina sheria ya mwaka wa 2003, iliyopanuliwa mwaka wa 2015 ili iwafae wakazi wa mijini pia, inayowapa wanajamii waliojisajili nafasi ya kwanza ya kununua ardhi na majengo yanapouzwa. Lakini haki hiyo yataka fedha, na fedha zataka muda. Kanisa la Uskoti liwape wenyeji muda huo kabla ya kubandika tangazo la mauzo mlangoni.