Picha Isiyopigiwa Hodi

Kikao cha mwisho cha kamati ya jarida hili kilirefuka kuliko ilivyokusudiwa, na sababu ilikuwa picha moja tu. Mwalimu mwenzetu, kijana mwenye bidii ambaye hatumtaji jina, alituletea picha aliyoipiga katika soko la Jinja, akapendekeza iwekwe kwenye jalada. Ni picha ya bibi mmoja auzaye dagaa, ambao hapa Uganda huitwa mukene. Amelala usingizi mbele ya mafungu yake, kinywa wazi, kichwa kimeegemea nguzo ya kibanda, na mkono mmoja umeshika pindo la leso lililofungiwa fedha. Hatutasema uongo: picha ni nzuri. Kamati nzima iliisifu. Kisha mmoja wetu akauliza, "Bibi huyu ni nani?" Mwenzetu akajibu kwamba hamjui, alimpiga kwa simu yake kutoka ng'ambo ya njia, akaenda zake.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Na kwa kuwa wale waliotaka picha itoke wamekwisha kuzieneza hoja zao miongoni mwa wanachama, nasi yatupasa kuwajibu mbele ya wanachama hao hao.

Husema kwanza kwamba soko ni mahali pa watu wote, na kinachoonwa na macho ya watu wote hakuna dhambi kikionwa na kamera. Hoja hii yapendeza masikioni, lakini yachanganya mambo mawili. Jicho la mpita njia huona na kusahau. Kamera huchukua na kuhifadhi. Bibi yule, alipotandika mafungu yake asubuhi, alikubali kuonwa na watu watakaopita mbele yake siku ile, ambao yeye naye angaliweza kuwatazama lau angalifumbua macho. Hakukubali kukodolewa macho na walimu wa Mbale, Arua na Kigali, wamekaa vitini, kwa muda waupendao, na yeye hana habari. Sisi tufundishao Kiswahili twajua kwamba mlango ulio wazi hauondoi hodi. Hodi hupigwa hasa penye mlango wazi, maana uliofungwa hujilinda wenyewe kwa komeo lake. Waganda nao wana koodi yao, na jawabu lake ni lile lile karibu. Wazee walisema uso umeumbwa na haya. Basi aliyelala ataionaje haya yake, ataifunika kwa nini?

Tena, tuwakumbushe wenzetu jambo wanaloliandika ubaoni kila muhula. Kiswahili husema "alimpiga picha". Kiambishi cha mtendwa hapo ni cha mtu, wala si cha picha, kama vile katika "alimpiga kofi". Hatudai kwamba sarufi yaweza kuhukumu kesi ya maadili. Twasema tu kwamba lugha yetu imekwisha kutambua ni nani anayefikwa na tendo lile.

Hoja yao ya pili ni ya sanaa. Mwenzetu alitutajia mabingwa wa ng'ambo, na hasa Walker Evans, Mmarekani ambaye kati ya mwaka 1938 na 1941 aliwapiga picha abiria wa reli ya chini ya ardhi mjini New York. Kamera aliificha ndani ya koti, lenzi ikichungulia baina ya vifungo, na waya wa kufyatulia umepita ndani ya mkono wa koti hadi kiganjani. Nyuso zile ni za ajabu, hatukatai. Lakini mwenzetu hakutuambia kwamba kitabu chenye picha hizo hakikutoka hadi mwaka 1966. Robo karne ilipita kabla abiria wale hawajawekwa kitabuni. Bibi wetu wa dagaa alipewa siku tisa.

Na kama twataka mifano ya ng'ambo, basi tuitazame yote. Kati ya mwaka 1999 na 2001 mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alitundika taa zake juu katika uwanja wa Times Square, mjini humo humo New York, akawa anawavizia wapita njia kwa lenzi ya mbali. Mmoja wao alikuwa mzee wa Kiyahudi, mshika dini, ambaye imani yake yakataza sanamu. Picha yake ilionyeshwa na kuuzwa, nakala moja kwa maelfu ya dola, naye hakujua hadi mwaka 2005. Akashitaki. Mwaka 2006 jaji aliamua kwamba picha ile ni sanaa, na sanaa yalindwa na uhuru wa kusema. Wenzetu waitumie hukumu hiyo wapendavyo. Sisi twaona imeeleza kilicho halali New York, haikueleza kilicho adabu.

Kanada waliamua vingine, na kisa chao chatugusa zaidi. Mwaka 1988 msichana wa miaka 17 alipigwa picha amekaa kwenye ngazi za jengo mjini Montreal, bila kuulizwa. Picha ikatoka katika jarida dogo la sanaa. Hapakuwa na tusi lolote ndani yake, wala maneno ya kumdhalilisha. Walakini wenzake walimcheka. Jarida lile liliuza nakala 722. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Kanada ilithibitisha kwamba msichana alipwe dola 2,000, kwa sababu sanaa peke yake haikutosha kuwapa wengine haki juu ya sura yake. Waliotuambia kwamba jarida letu ni dogo na bibi hatalisoma kamwe, wazitafakari hizo nakala 722. Kwamba hatalisoma ni kweli pengine. Hiyo yaongeza kosa, haipunguzi.

Tusidhaniwe kwamba twasema haya kwa kujiona wema. Miaka kadhaa iliyopita sisi wenyewe tulikata gazetini picha ya mwanamke asiyetajwa jina, amebeba gunia la makaa katika mvua, gauni limechanika mgongoni, tukaibandika ubaoni mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili. Kazi ilikuwa ile ijulikanayo na kila mwalimu: tazama picha, kisha utunge insha. Insha zikaja, nasi tukazisoma kwa sauti. Katika mmoja wa mitungo ile mwanamke alikuwa mlevi aliyefukuzwa na mumewe. Katika mwingine alikuwa mchawi. Darasa likacheka, nasi, kusema kweli, tukacheka kidogo. Msichana mmoja alirudisha karatasi tupu. Tulimkemea. Baada ya kengele alitufuata hadi mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, yule ni mama." Makaa yale ndiyo yaliyolipa karo yake.

Tuliibandua picha, lakini insha hatukuweza kuzibandua vichwani mwa wanafunzi arobaini. Ndiyo sababu hatuna subira na neno "mtu asiyejulikana". Hakuna mtu asiyejulikana. Kuna mtu tusiyemjua sisi, na baina ya hayo mawili pana mtoto ameketi dawati la tatu.

Walimu wanaodhani jambo hili halina meno watazame Kenya, ambako mnamo Septemba 2023 ofisi ya kulinda data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Uganda nayo ina sheria yake ya data na faragha tangu mwaka 2019. Lakini twaona haya kuwatisha walimu kwa faini katika jambo ambalo mtoto wa Kiswahili hufunzwa kabla ya kujua kusoma.

Yabaki hoja moja, ambayo ndiyo yenye nguvu: kwamba ukiomba ruhusa, mtu hujitengeneza, na ukweli hupotea. Mwenye kulala ataamka, atajifuta uso, atakaza leso yake. Naam, atafanya hivyo. Na hilo la kukaza leso si ukweli? Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Watu walimwendea kwa miguu yao, wamevaa walivyotaka, wakakaa walivyotaka kukaa, na leo picha zile hutundikwa katika majumba ya makumbusho ya dunia. Ni nani athubutuye kusema watu wale ni wa uongo? Mtu akijua kwamba atatazamwa hutuonyesha jinsi anavyotaka kuheshimiwa, na hilo la mama wa sokoni hatujalionyesha vya kutosha. La umaskini wake tumeonyeshwa na wageni hata macho yamechoka.

Twakubali ubaguzi mmoja. Askari ampigaye mchuuzi kwa rungu hadharani hapigiwi hodi. Apigwe picha, na ionyeshwe. Yeye ndiye aliyeingia kwa watu bila hodi. Bibi aliyelala hakumkosea mtu.

Jalada la toleo hili, kama msomaji alivyoona, lina maandishi matupu. Kwa kura nne dhidi ya tatu picha imengojeshwa. Mwenzetu, ambaye tangu kikao kile hutusalimu kwa baridi kidogo, ameahidi kwenda Jinja Jumamosi na nakala yake mkononi, amtafute bibi, amwonyeshe, amuulize. Kamati imempa na fedha za kununulia mafungu mawili ya dagaa, ila tumemwagiza anunue baada ya jibu, si kabla, lisije likawa hongo.