Uhalisi wa Kitabu cha Mapishi Haumo Kwenye Asili ya Viungo

Wengi huamini kwamba kitabu halisi cha mapishi ya mahali fulani ni kile ambacho viungo vyake vyote ni vya kale na vya pale pale. Msomaji akikuta nyanya, kitunguu au mafuta ya alizeti katika chakula kinachoitwa cha Wanyaturu wa Singida, hutangaza mara moja kwamba kitabu kimechakachuliwa. Kigezo hicho ni kibovu, na kikifuatwa mpaka mwisho hakuna jiko litakalosalimika popote duniani.

Hungaria ni mfano ulio wazi. Mapishi yake hutambulika kwa paprika, pilipili nyekundu iliyokaushwa na kusagwa, na miji ya Szeged na Kalocsa imepata jina kwa zao hilo. Albert Szent-Györgyi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937, alipata vitamini C kwa wingi katika pilipili za Szeged. Hata hivyo pilipili ni mmea wa Amerika, nao ulifika Hungaria katika karne ya 16, enzi za utawala wa Waturuki. Anayeiondoa paprika ili kitabu kiwe safi anaandika uongo juu ya Wahungaria.

Mkoani Singida kigezo hicho kingefagia karibu kila kitu. Kuku wa kienyeji wanaosafirishwa hadi Dar es Salaam wana asili ya misitu ya kusini-mashariki mwa Asia. Vitunguu vinavyojaa katika soko la Misuna vilitoka Asia pia. Alizeti, ambayo mafuta yake huuzwa kwa madumu kando ya barabara kuu, ni mmea wa Amerika Kaskazini, na Warusi ndio walioufanya zao kubwa la mafuta katika karne ya 19. Hata uwele, chakula cha mababu kwa Wanyaturu na Wanyiramba, ulianza kulimwa Afrika Magharibi, pembezoni mwa Sahara, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Atakayeshikilia vya asili tupu atabaki na asali ya Itigi na majani ya porini.

Uhalisi unaonekana kwenye kazi ya jikoni, na hapo ndipo vitabu vingi huanguka bila kulaumiwa na mtu. Kitabu kinachosema tu "chukua unga wa uwele" hakijasema kitu. Uwele hutwangwa, hupepetwa, huanikwa, ndipo husagwa. Na husagwa kidogo kidogo, kwa sababu kiini chake kina mafuta na unga wake huwa mchungu haraka kuliko sembe. Mwandishi anayeshauri unga huo uwekwe stoo kwa miezi hajaupika. Mlenda nao una mtihani wake. Majani hukaushwa juani na kutwangwa kuwa unga wa kutumiwa kiangazi, wakati mboga mbichi zimeadimika. Unga huo huingia kwenye maji yanayochemka, huwekwa magadi kwa kiasi, hupekechwa. Kitabu kisichotaja kiangazi kimeacha sababu yenyewe ya chakula hicho kuwapo. Wahungaria nao wana alama yao: kitabu cha kuaminika huagiza sufuria iepuliwe kwanza ndipo paprika iwekwe, maana sukari iliyomo huungua upesi na mchuzi ukawa mchungu.

Kabila la mwandishi nalo hutajwa kama hati ya uhalisi, kimakosa vilevile. Mnyaturu aliyekulia mjini akila wali hana elimu ya uwele kwa kuzaliwa. Mwanamke aliyeolewa Ikungi, mkoani Singida, kutoka mkoa mwingine na kupika huko miaka mingi anayo. Kinachotakiwa ni kitabu kueleza mwandishi alijifunza wapi, kwa nani na katika msimu gani.

Tena kitabu kinapaswa kukiri wakati wake. Leo sembe imeshika nafasi ya uwele na mtama katika nyumba nyingi za Singida, ingawa mahindi huungua mvua ikikatika na nafaka hizo mbili hustahimili. Kitabu kinachoificha sembe ili kipendeze kama cha kale kinamdanganya msomaji. Kinachoiandika bila kueleza ilichukua nafasi ya nini kinamnyima nusu ya habari.